Jina la duka kwenye meseji za wateja

Dada, umeuliza kwa nini wateja wako wakipata meseji za ofa wanaona namba ya simu wasiyoijua badala ya "Vitenge na Kanga", ilhali namba hiyo umeisevu kwa jina hilo. Kusevu kunabadilisha simu yako tu. Jina linalotokea kwa mteja ni la mtumaji, na linasajiliwa kwenye mitandao kupitia kampuni ya meseji za jumla. Huwa wanaomba barua na nyaraka za biashara, kwa hiyo usingoje wiki ya Idi ndiyo uanze.

Sasa, jina lako lina shida. Mwisho ni herufi 11, na nafasi inahesabiwa. "Vitenge na Kanga" ni 16. Likikatwa linabaki "Vitenge na", mteja ajiulize na nini! "VitengeKanga" nalo limezidi kwa moja (nimehesabu mara mbili). Mimi ningechukua "DukaVitenge", 11 kamili. Ukishalisajili, usilichezee: jina jipya linafungua ukurasa mpya kwenye simu ya mteja, na meseji zako za zamani zinabaki kule kwingine.

Jambo moja wengi hulisahau: meseji yenye jina haijibiki. Mteja akitaka kuuliza bei ya doti hana pa kuandika, hivyo namba yako iweke ndani ya meseji yenyewe. Kabla ya kuwatumia wote, jitumie kwanza kwenye laini za Voda, Airtel, Yas na Halotel.