Kwa nini mgonjwa wa mionzi anawekewa na dripu ya kemo

Dada wa Makambako, umeuliza kwa nini mama anayepigwa mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi anawekewa pia dripu kila wiki, na kama ameze vidonge vya vitamini E alivyoletewa na jirani. Nimemuuguza mama mdogo, mtu wa Tukuyu, kwa ugonjwa huohuo pale hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona na niliyoelezwa.

Mionzi inaua seli kwa kukata vinasaba vyake. Seli ya saratani nayo haikubali kirahisi, ikipata nafasi inaunga palipokatika na kuendelea kuzaana. Hapo ndipo inapoingia sisplatini, dawa ya kemo iliyomo kwenye dripu hiyo. Ni dawa yenye platinamu, inanasa kwenye vinasaba na kuvibana, kazi ya kuunga inakwama, seli inakufa. Ndiyo maana dozi ni ndogo lakini ya kila wiki: inaifanya mionzi ipige kwa nguvu zaidi. Mwaka 1999 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani iliwatangazia madaktari matokeo ya tafiti 5: vifo vilipungua kwa wanawake waliopewa mionzi pamoja na sisplatini. Mama asiikwepe dripu hiyo kwa sababu ya kichefuchefu. Aombe dawa ya kukizuia.

Figo ndizo za kuchunga, dawa hii inaweza kuziumiza. Mama mdogo alipimwa damu kwanza, akatangulizwa chupa za maji, ndipo dawa ikafuata. Nesi alikuwa anapita kumuuliza, "Mama, umekojoa?" Mama wa Kinyakyusa kuulizwa hivyo mbele ya mtoto wake wa kiume! Alikuwa ananyamaza tu, ikabidi niwe natoka nje ili ajibu. Mama yako naye akirudi nyumbani, maji anywe ya kutosha.

Wakisema aongezewe damu, msishangae. Damu ndiyo inayobeba oksijeni, na seli ya saratani iliyokosa oksijeni inastahimili mionzi.

Sasa vitamini. Kuna utafiti wa Kanada, 2005, kwa wagonjwa wa saratani za kichwa na shingo waliopewa vitamini E kwa dozi kubwa wakiwa kwenye mionzi. Madhara ya mionzi yalipungua kweli, lakini saratani ilielekea kurudi zaidi. Vidonge hivyo vinazima kemikali zilezile ambazo mionzi inazitumia kukata vinasaba. Parachichi na mboga ale bila hofu, chakula cha kawaida hakina shida. Kichupa cha jirani mpelekee daktari wake kabla ya dripu ijayo, na kama kuna unga wa mizizi umefichwa kwenye mkoba, nao uende.