Daftari la Jenereta Kwanza, Kompyuta Baadaye

Mara ya kwanza nilipotengeneza modeli ya umeme kwa ajili ya kijiji kimoja cha kisiwani, upande wa Ukerewe, kompyuta ilinipa jibu lililonifurahisha kupita kiasi: paneli nyingi za sola, betri chache mno, na jenereta ya dizeli inayokaa bila kazi karibu mwaka mzima. Modeli za aina hii hupewa mahitaji ya umeme ya kila saa, hali ya jua, bei za mitambo na bei ya mafuta, kisha hutafuta mchanganyiko unaokidhi mahitaji hayo kwa gharama ndogo kuliko yote. Nilikuwa tayari nimeanza kuandika ripoti nilipojiuliza inakuwaje watu wanaowasha taa na televisheni jua likishazama wasihitaji betri za kutosha.

Nilirudi kisiwani na daftari la jenereta, lile lililotupa takwimu za mahitaji, mkononi. Mhudumu wa jenereta, mzee aliyeandika kwa mkono mzuri kuliko wangu, alikuwa ameandika kwamba umeme hutumika kwa wingi zaidi, yaani mzigo mkubwa wa siku, kati ya saa 1 na saa 5. Kijana aliyetusaidia kuingiza takwimu kwenye jedwali alijua kwamba mzigo huo haukuwa wa alfajiri, basi akaandika 13:00 hadi 17:00. Nilipomwuliza mzee, alinitazama kwa huruma. "Saa 1 ni magharibi, mwanangu. Kwani huko mjini ni lini?" Mahitaji yote ya jioni yalikuwa yamehamishiwa mchana, jua likiwa kali, na modeli ikaona kwamba hakuna haja ya kuhifadhi umeme. Haikulalamika wala haikutoa onyo lolote; ilitafuta jibu bora la kijiji ambacho hakipo.

Tangu siku hiyo, kazi ya kwanza ninayoifanya katika mradi wowote ni kuandika juu ya kila jedwali ni saa gani iliyotumika. Kwetu zipo tatu, na zote hukutana katika faili moja. Saa ya daftari huanza kuhesabiwa alfajiri, kwa hiyo saa za mchana huongezwa 6, na saa 1 hadi saa 5 za usiku huongezwa 18. Ya pili ni saa 24 za Afrika Mashariki. Ya tatu ni ile ya dunia, UTC, ambayo hifadhi nyingi za takwimu za jua hutumia, nayo iko nyuma yetu kwa saa 3. Kuna njia nyepesi ya kuhakiki: chora wastani wa jua wa kila saa ya siku. Kwa kuwa Mwanza iko karibu nyuzi 33 mashariki, jua hufika juu kabisa kwenye saa 7 kasorobo mchana, yaani 12:45 au karibu na hapo. Ukiona kilele kinaangukia karibu na 10:00, jua lako bado linafuata saa ya dunia. Mchoro huo huchukua dakika mbili, na umeniokoa mara nyingi kuliko programu yoyote ya kukagua data.

Jambo la pili ni uchaguzi wa siku. Modeli kubwa haiwezi kila mara kubeba saa zote 8,760 za mwaka, hivyo huwa tunachagua siku chache za kuwakilisha masika, vuli na kiangazi. Katika sehemu nyingi hilo linatosha. Katika kisiwa cha wavuvi wa dagaa halitoshi, kwa sababu uvuvi huo hutegemea taa, na taa huvuta dagaa vizuri usiku wa giza. Mbalamwezi inapotawala, wengi huvuta mitumbwi pwani na kushona nyavu. Pale ambapo taa hizo ni za betri, mahali pa kuzichajia pana foleni siku za giza na pamepoa mwezi unapokuwa mpevu. Mzunguko huo wa siku 29 na nusu hauonekani ukigawa mwaka kwa majira ya mvua peke yake. Wiki moja uliyoichagua kwa bahati inaweza kuwa ya mbalamwezi, ukapanga mtambo mdogo kwa kijiji kilichokuwa kimelala. Sasa huchagua siku zangu kalenda ya mwezi ikiwa mezani, nikachukua za giza na za mwanga kwa kila msimu, na kuzipa uzito unaolingana na wingi wake.

Sifuri nayo ina hila zake. Jenereta ikikosa mafuta kwa siku tatu, mita husoma sifuri, lakini watu hawakuacha kuhitaji umeme siku hizo. Acha nafasi hiyo wazi, kisha ijaze kwa siku inayofanana nayo, tena uweke alama kwamba umeijaza.

Kuhusu vipimo nitasema machache. Uniti ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ni kilowati-saa moja, sawa na megajuli 3.6. Lita moja ya dizeli ina takriban megajuli 36, yaani uniti 10 za joto, na jenereta ndogo hutoa umeme wa karibu uniti 3 tu kati ya hizo. Jedwali linalodai uniti 8 kwa lita lina kosa, hata likiwa na mhuri. Anayetumia OSeMOSYS, programu ya kutengenezea modeli za nishati, akipima uwezo kwa gigawati na nishati kwa petajuli, akumbuke kuweka 31.536 kama kiungo kati ya uwezo wa mtambo na nishati ya mwaka, maana akiacha 1 ambayo programu huja nayo, modeli itajenga mitambo mara 31 zaidi ya inayohitajika. Mkaa upimwe kwa kilo: gunia la kawaida na lumbesa, lile lililojazwa kupita kiasi, havifanani, na muuzaji anajua hivyo kabla yako. Bei zote ziwe za mwaka mmoja na sarafu moja.

Mwisho, kila namba iwe na safu pembeni inayoeleza imetoka wapi, kwa kipimo gani, na nani aliyeitaja. Nilijaribu pia kumshawishi yule mzee aandike 19:00 badala ya saa 1. Aliandika hivyo kwa wiki moja, akajichanganya mara mbili, kisha akarudia saa yake. Tukakubaliana kwamba daftari libaki lake, naye aongeze neno "usiku" au "mchana" mbele ya kila saa, na kuongeza 18 iwe kazi yangu.