Jibu: Spageti za wageni wanane zisigandane

Dada, umeuliza namna ya kupikia wageni wanane spageti zisizogandana, na bila nyama ya kusaga kwa kuwa mama mkwe hali nyama nyekundu. Uko Mwanza halafu unahangaikia nyama? Pita soko la samaki la Mwaloni asubuhi, chukua mnofu wa sangara kilo moja.

Kugandana mara nyingi ni maji machache. Kila gramu 100 zinataka kama lita moja, hivyo pakiti mbili za nusu kilo ni lita 10. Toa sufuria la pilau. Yakichemka tia chumvi, yakolee. Mafuta usiweke, ni hasara tu. Koroga dakika mbili za mwanzo bila kuacha, hapo ndipo zinaposhikana. Epua dakika moja kabla ya muda wa kwenye pakiti: ukikata uzi mmoja, uone kidoa cheupe katikati. Usizisuuze, na teka kikombe cha yale maji.

Rosti ianze mapema. Kitunguu swaumu kwenye mafuta, moto mdogo, kisianze kuungua. Kisha nyanya zilizomenywa, hadi mafuta yaelee juu. Samaki vipande vidogo anaingia mwisho, dakika nne au tano, la sivyo anavurugika. Mimina spageti humohumo na maji uliyoteka kidogo kidogo, geuza mpaka rosti izishike. Kamulia limao.

Jibini acha. Hata Italia wengi hawaiweki kwenye samaki, na bei yake unaijua.