Mkuu, hiyo koneksheni ya LISTEN usiiguse!

Simama hapohapo. Hiyo taima usiiweke.

Kwa wanaopita tu: jamaa ana programu ya duka, Python na PyQt (au Qt, ya kuchora madirisha), nyuma yake hifadhidata ya PostgreSQL. Keshia mmoja akiuza, kompyuta nyingine zinatakiwa zione stoki imepungua papo hapo, upande mmoja unatuma arifa kwa NOTIFY, upande mwingine unazisikiliza kwa LISTEN. Arifa ya kwanza inafika, zinazofuata hazifiki, na kuna saa skrini zinaganda zote. Anauliza sababu ni nini, anauliza kama ahamie Redis (programu nyingine inayoweza kupitisha ujumbe), anauliza ujumbe uwe na ukubwa gani, anauliza kama apandishe toleo. Halafu kwa utulivu kabisa anasema leo usiku atafuta koneksheni ya pili ili kila kitu kipite kwenye moja, "kupunguza mzigo wa seva", kisha ataweka taima ya kuizima na kuiwasha programu kila nusu saa.

Hayo ya leo usiku ndiyo yaliyonitoa kitandani. (Nikisema koneksheni nazungumzia ya hifadhidata. Waliokuja kutafuta koneksheni nyingine, mlango ule pale.)

Mwaka 2019 nililitengenezea duka la dawa za jumla programu kama hiyo yako. Kompyuta tisa, seva moja chini ya meza ya mhasibu. LISTEN nilijifunza kwenye video ya dakika kumi na mbili, mwalimu ana maikrofoni nzuri na sauti ya mtangazaji wa mpira. Akafungua koneksheni, akaandika LISTEN, akapiga commit, akaingia kwenye lupu. Arifa ikatokea, akasoma jedwali kwa koneksheni ileile, stoki mpya ikaonekana, "rahisi hivyo", video ikaisha. Alituma arifa MOJA. Angetuma ya pili mbele ya kamera angeumbuka, na mimi ningekuwa na nywele hadi leo.

Kinachotokea ni hiki. psycopg2, maktaba ya Python ya kuongea na PostgreSQL, usipoiambia vingine, inafungua muamala (furushi la amri linalokubaliwa au kufutwa kwa pamoja) kwenye amri ya kwanza unayotuma, hata iwe SELECT ya kuchungulia tu, na haiufungi mpaka upige commit (kukubali) au rollback (kufuta). PostgreSQL nayo haimkabidhi arifa mtu aliye katikati ya muamala. Inazishika mpaka amalize. Kwa hiyo arifa ya kwanza inafika, unasoma jedwali, muamala unabaki wazi, unarudi kwenye soketi, mlango wako wa mtandao kwenda kwa seva, kusubiri ya pili. Wewe unasubiri seva, seva inakusubiri wewe. Wastaarabu wawili mlangoni, "pita", "hapana, tangulia wewe", na mvua inanyesha.

Sasa rudi kwenye msimbo ulioubandika. Chini tu ya conn.notifies.pop(0) kuna cur.execute yenye SELECT, na commit haipo popote. Huyo ndiye mwizi wako. Sababu umeipata, lakini usiondoke, maana mimi nilipofika hapa bado hata hasara sijaanza kuipata.

Dalili nilipewa mkononi nikaitupa. Dada wa kaunta aliniambia mara tatu, "Kaka, nikibonyeza Hifadhi zinakuja zote kwa mpigo." Bila shaka! Hifadhi ndiyo iliyokuwa inapiga commit. Mimi nikamjibu ni mtandao. Nikabadilisha nyaya. Nikabadilisha swichi. Mwenye duka akachoka, akaleta mtaalamu wake, suti na kadi ya biashara, akatazama seva dakika tano akasema hifadhidata imezidiwa, ongezeni RAM. Shilingi laki nne na nusu. Ili RAM iingie seva ikazimwa, ikawashwa, na siku nzima mambo yakawa safi, naye akaondoka na chake akitabasamu. Unaona sasa kwa nini hiyo taima yako inanichefua? Ukiwasha upya muamala uliolala unakufa, tatizo linajificha, unaamini umetibu. Utakuja kuligundua siku mbaya zaidi.

Yangu ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Bosi alitaka safu ya tarehe ya kuisha muda kwenye jedwali la dawa. Nikasema dakika moja tu bosi. Saa nne asubuhi, wateja wamejaa, nikapiga ALTER TABLE ya kuongeza safu tupu, kitu ambacho kwa kawaida hakimalizi hata sekunde. Haikurudi. Nikasubiri. Kaunta ya kwanza ikaganda, ya pili, ya tatu, mpaka zote tisa zikaandika Not Responding kama zimeambiana.

Kumbe kompyuta ya stoo, ambayo hakuna anayebonyeza Hifadhi kutwa nzima, ilipokea arifa ya mauzo ya kwanza saa mbili na dakika kumi, ikasoma jedwali la dawa, ikalala na muamala wazi. SELECT inaacha kufuli dogo kwenye jedwali, ACCESS SHARE, na kufuli hilo haliachiwi mpaka muamala uishe. Halimzuii msomaji wala muuzaji. Lakini ALTER TABLE inataka kufuli kubwa kuliko yote, ACCESS EXCLUSIVE, kwa hiyo ikajipanga nyuma ya stoo. Na kila aliyekuja baada ya hapo, hata kwa SELECT ya kuangalia bei ya Panadol, akajipanga nyuma ya ALTER. Msomaji mmoja aliyesinzia stoo akafunga duka zima. Na kwa kuwa maswali yote kwa hifadhidata nilikuwa nayapitisha kwenye thredi kuu ya Qt, ileile inayochora dirisha, dirisha nalo halikuweza hata kujichora.

Nilifanya nini? Nilichomoa waya wa seva ukutani. Ndiyo, ukutani. Nacheka sasa hivi ila siku ile sikucheka. Ikawaka, kila kitu kikatembea, safu mpya haipo, na mimi nikajiona fundi. Jumatatu nikarudia ileile. Wakauza kwa daftari mpaka saa nane, hesabu za stoki hazikulingana wiki nzima, na malipo ya awamu ya pili mpaka leo nayasikia kwenye redio.

Aliyenikomboa ni mwanafunzi aliyekuja field, wiki yake ya pili. Akaniuliza kwa adabu zote, "Samahani kaka, hii idle in transaction ndiyo nini?" Alikuwa amefungua pg_stat_activity, orodha ya PostgreSQL ya kila koneksheni na inachofanya, kitu ambacho mimi mwenye miaka sita kazini sikuwa nimekifungua hata siku moja. Nikamwambia akaninunulie maji, nikapata muda wa kugoogle.

Programu ikiganda, kabla hujazima KITU CHOCHOTE, piga hii:

SELECT pid, state, wait_event_type, xact_start, pg_blocking_pids(pid), query FROM pg_stat_activity WHERE datname = current_database();

Waliokwama wana Lock kwenye wait_event_type, na pg_blocking_pids inakutajia aliyewakwamisha. Fuata namba. Kaunta zitakuelekeza kwa ALTER, ALTER itakuelekeza kwa mmoja ambaye state yake ni idle in transaction (amelala, muamala wazi) na xact_start, saa muamala ulipoanza, ni ya asubuhi. Safu ya query isikuzuge: kwa aliyelala inaonyesha amri yake ya mwisho, kwa hiyo utaona SELECT ya kistaarabu kabisa isiyo na hatia. Mimi iliniponyoka macho kwa sababu hiyo. pg_blocking_pids ipo tangu toleo la 9.6. Upande wa programu, py-spy dump --pid na namba ya mchakato itakuonyesha kila thredi imesimama mstari gani, na huhitaji kuzima chochote.

Sasa sheria. Ninayo moja, nimeilipia:

KONEKSHENI INAYOSIKILIZA HAIFANYI KAZI NYINGINE YOYOTE.

Ikishafunguliwa tu, conn.autocommit = True, yaani amri zisiache muamala wazi. Kisha LISTEN. Kisha inakaa. Arifa ikija inatoa ishara ya Qt yenye namba ya bidhaa na kurudi kusikiliza, basi. Anayesoma jedwali ni koneksheni nyingine. Usiipe SELECT hata moja, hata ya kuuliza saa ngapi. Na iwe kwenye thredi yake, ambayo haigusi kitufe wala lebo ya dirisha. (Wengine thredi wanaiita uzi. Hapa jukwaani tukisema uzi umeganda modi atadhani tunamsema yeye.)

Najua utasema, basi nitaweka autocommit halafu nibaki na koneksheni moja. HAPANA. Nilipita huko pia, nina tiketi ya kwenda na kurudi. Ukituma swali kwenye koneksheni hiyohiyo, arifa zilizokuwa njiani zinasomwa pamoja na majibu ya swali na kuwekwa kwenye conn.notifies. Soketi inabaki tupu. Thredi yako imelala kwenye select (ile ya Python ya kusubiri soketi, si SELECT ya hifadhidata) ikisubiri soketi ipate kitu. Mgeni ameshaingia kwa mlango wa jikoni, anakunywa chai, wewe uko getini unatazama barabara. Mpaka arifa nyingine ije ndipo unashtuka, na hitilafu ya namna hiyo hutoweka kila ukiikaribia.

Na huo "mzigo wa seva" aliyekwambia ni nani? Hata kompyuta tisa kama zangu mara koneksheni mbili ni kumi na nane. PostgreSQL inakuja na max_connections 100 bila kuguswa. Kama ni yule mwenye suti, mwambie RAM yake bado ninayo.

Mengine harakaharaka. Kabla ya ALTER yoyote andika SET lock_timeout = '2s', ikishindwa ijitoe yenyewe badala ya kupanga foleni juu ya vichwa vya watu. Kwenye seva weka idle_in_transaction_session_timeout, dakika tano zinatosha, ila jua inakata kikao kizima, ni mlinzi wa geti tu, msimbo bado lazima urekebishe. Ruta ikizimika katikati, koneksheni inaweza kufa bila kukuaga ukaendelea kusikiliza maiti: Linux kwa kawaida inakaa sekunde 7200 kabla ya kumgusa mwenzake kuona kama yu hai, yaani saa mbili, kwa hiyo weka keepalives_idle=30 kwenye koneksheni yako. Ukiunganisha upya, anza na LISTEN ndipo usome jedwali lote, maana arifa zilizopita ukiwa haupo hakuna aliyekuwekea. Ukiwa na PgBouncer (dalali anayegawa koneksheni za seva) kwenye hali ya muamala, LISTEN haifanyi kazi, nenda moja kwa moja kwenye seva. Ujumbe mwisho wake ni chini ya baiti 8000, lakini wewe tuma namba ya bidhaa tu, risiti nzima ya nini?

Leo usiku usifute koneksheni yoyote. Acha igande. Ikishaganda piga ile amri ya pg_stat_activity, bandika majibu hapa yote, majina ya wateja yafute. Niko macho.