Tangi la gari la mbio za F1 (Formula 1) lina lita ngapi, na mbona hawaongezi mafuta piti, yaani pale gari linaposimama kuhudumiwa katikati ya mbio?

Kwanza, Formula 1 wanahesabu kwa kilo, si lita, maana mafuta hupanuka yakipata joto lakini uzito haubadiliki. Kuanzia 2019 hadi 2025 kikomo kilikuwa kilo 110 kwa mbio nzima, yaani kama lita 145 hivi. Tangi lenyewe si la bati. Ni mfuko wa raba ulioimarishwa kwa nyuzi ngumu sana za Kevlar, umekaa nyuma ya mgongo wa dereva, mbele ya injini. Ndani una vyumba na vilango vya upande mmoja, ili mafuta yasikimbilie pembeni kwenye kona na kuiacha pampu ikivuta hewa.

Kuongeza mafuta katikati ya mbio kulipigwa marufuku tangu 2010. Kabla ya hapo bomba lilisukuma takriban lita 12 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo kosa dogo ni balaa: kwenye mbio za Hockenheim, Ujerumani, 1994 vali ya bomba haikufunga sawasawa, petroli ikaruka juu ya gari la dereva Jos Verstappen, likawaka moto. Singapore 2008 dereva Felipe Massa aliondoka piti na bomba likiburuzika.

Wala usidhani wanajaza pomoni. Kilo 10 zinakula karibu sekunde 0.3 kwa kila mzunguko, kwa hiyo wengi huanza na pungufu, kisha dereva anaondoa mguu kwenye mafuta mapema kidogo kabla ya kona. Ila wakibana mno wanaumia: lazima lita 1 ibaki ya kupimwa baada ya mbio. Dereva Sebastian Vettel, kwenye mbio za Hungaria 2021, alinyang'anywa nafasi ya 2 kwa sababu ilitoka lita 0.3 tu.