Maswali ya Wasomaji: Nikisoma Historia Chuo Kikuu, Nitafanya Kazi Gani?

SWALI: Shikamoo Mhariri. Nimemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya HGL (Historia, Jiografia na Lugha ya Kiingereza) na ninapenda kwenda chuo kikuu kusoma historia. Baba yangu, mfanyabiashara wa dagaa hapa Kibirizi, hakubaliani nami. Anasema historia ni somo la kukariri, na ananionyesha kijana wa jirani yetu aliyehitimu shahada hiyo ambaye mpaka leo yupo nyumbani anauza vocha. Naomba kujua, mwanafunzi wa historia chuoni anafundishwa nini ambacho mimi sijakikariri tayari, na zaidi ya ualimu kuna kazi gani?
Msomaji wa kike, Kigoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Baba yako ana hoja, na sitaki uipuuze. Anayesoma uuguzi huajiriwa kuwa muuguzi na anayesoma uhasibu huajiriwa kuwa mhasibu, lakini hakuna halmashauri inayotangaza nafasi ya "mwanahistoria". Mwenye shahada hii analazimika kujua mapema atakavyoitumia, na wengi wa wanaokaa nyumbani ni wale walioanza kujiuliza jambo hilo baada ya mahafali.

Kuhusu kukariri, hapo baba yako anaizungumzia historia ya mitihani. Shuleni ulipewa sababu sita za kugawanywa kwa Afrika, ukazirudisha kama zilivyo. Chuoni unaulizwa tumejuaje. Chukua mfano wa Ujiji, ambako umefika mara nyingi bila shaka. Kila mtu huambiwa kwamba mwandishi wa habari Stanley alimkuta mmisionari Livingstone pale tarehe 10 Novemba 1871. Tarehe hiyo ni ya Stanley, aliyepigwa na homa njiani na kupoteza hesabu ya siku. Shajara ya Livingstone, ambaye naye alikuwa mgonjwa na hesabu yake haikuwa ya kuaminika, inaonyesha kwamba mgeni huyo alifika mwishoni mwa Oktoba. Tena katika shajara ya Stanley, kurasa ambazo zingepaswa kuwa na maneno yake maarufu ya salamu ("Dr. Livingstone, I presume?") zilichanwa. Mwanafunzi wa historia anatakiwa kukaa na vipande hivyo, aulize kila kimoja kiliandikwa lini na kwa ajili ya nani (Stanley alitumwa na gazeti la New York Herald, kwa hiyo alihitaji habari ya kuuzika), kisha aulize mbona watu wa Ujiji waliojaa barazani siku ile hawasikiki. Swali hilo la mwisho ndilo lililowashughulisha wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, na Profesa Isaria Kimambo aliandika historia ya Wapare kwa kutegemea sana simulizi za wazee, kwa kuwa maandishi ya wakoloni yasingemfikisha mbali.

Sasa tuje kwenye kazi. Ualimu ndio mlango mpana zaidi, na hapa kuna jambo ambalo waombaji wengi hawaligundui mpaka wamechelewa. Shahada ya Sanaa katika Historia na Shahada ya Sanaa pamoja na Elimu si kitu kimoja, hata kama darasani mtakaa pamoja kusikiliza mhadhara uleule. Yule wa elimu anahitimu akiwa mwalimu, ilhali wa historia pekee atahitaji kurudi chuoni kwa Stashahada ya Uzamili ya Elimu kabla ya kuomba ajira ya kufundisha. Mtaala mpya umeingiza somo la lazima la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, kwa hiyo walimu wake watahitajika, ingawa nafasi za serikalini hugombewa na watu wengi mno. Ikiwa nyumbani wanategemea mshahara wako mapema, ningekushauri uchague ile ya elimu bila kusita.

Nje ya ualimu, kuna utunzaji wa kumbukumbu na nyaraka, kuna makumbusho na maeneo ya mambo ya kale, kuna uandishi wa habari, utafiti na utumishi wa kidiplomasia. Usiridhike na orodha kama hii, maana kila tangazo la Sekretarieti ya Ajira hutaja sifa zake, na baadhi ya nafasi hizo hudai mafunzo ya ziada. Chuo cha Utumishi wa Umma, chenye tawi Tabora, hufundisha utunzaji wa kumbukumbu, na mwenye shahada ya historia akiongeza ujuzi huo anakuwa mtu tofauti kabisa mbele ya mwajiri. Usidhani pia kwamba majalada ya kale ni ya kuhifadhiwa tu. Mvutano wa Tanzania na Malawi juu ya mpaka katika Ziwa Nyasa bado unarejea kwenye mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890, na wanasheria hawawezi kuusoma vizuri bila mtu wa kuwaeleza mazingira yake.

Wengi hupenda kumtaja Mwalimu Nyerere, aliyesoma historia na uchumi Edinburgh akahitimu mwaka 1952, kisha akafundisha shule ya Pugu. Mfano huo hautakusaidia kumshawishi baba, kwani enzi hizo Watanganyika wenye shahada walihesabika kwa vidole.

Kitu ambacho ningekusisitizia zaidi ni lugha. Nyaraka za utawala wa Wajerumani zilizopo Dar es Salaam zimeandikwa kwa Kijerumani, nyingine kwa mwandiko wa kale unaowashinda hata Wajerumani wa leo, na Watanzania wanaoweza kuzisoma ni wachache. Kifaransa nacho kinasikika bandarini kwenu kila siku kutoka kwa wafanyabiashara wa Burundi na Kongo, na mashirika yanayohudumia wakimbizi katika kambi ya Nyarugusu huhitaji watu wa kusikiliza simulizi ya mtu, kuiandika kwa uaminifu na kuilinganisha na maelezo mengine, ijapokuwa mikataba yao huwa mifupi. Kwa hiyo kabla dirisha la maombi halijafunguliwa, fungua kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ukiwa na baba yako, mtafute chuo kinachokuruhusu kuchukua historia pamoja na lugha mojawapo au pamoja na elimu, kisha mhakiki Bodi ya Mikopo ina masharti gani kwa kozi mliyoichagua.