Kwa marubani wapya wa tandemu (baiskeli ya watu wawili), kabla hamjateremka Iten

Vijana, breki si mahali pa kupumzishia vidole. Naanza na hilo kwa sababu kila msimu tunapata marubani wapya, wazuri kweli, watu wanaopanda kutoka Biretwo hadi Iten bila kulalamika. Halafu wakigeuza baiskeli kushuka, wanashika breki kona ya kwanza na hawaiachii hadi Tambach. Midomo imefungwa, mabega yamepanda hadi masikioni, na stoka, mwenzenu asiyeona anayekanyaga kiti cha nyuma, amekaa kama mgonjwa ndani ya ambulensi. Jioni wananiuliza mbona rimu ya nyuma imebadilika rangi.

Nafoka kwa sababu nawapenda. Kujitolea kuendesha mtu asiyeona ni jambo la heshima, na wengi wenu mna miguu kuliko niliyokuwa nayo mimi. Ila mnashuka vibaya, tena kwa namna ileile tuliyoshuka sisi, kana kwamba hakuna aliyewatangulia kuanguka.

1. Mko wawili.

Najua mnajua. Lakini vidole vya rubani mpya havijui. Rubani, stoka na baiskeli yenyewe hufika kilo 160 bila shida, na kifua kinachopasua upepo ni kimoja tu, chako. Ndiyo maana mteremko unaokupa kilomita 60 kwa saa ukiwa peke yako, tandemu inaweza kupita 80 bila mtu kukanyaga. Kwa mwendo huo, sekunde moja ya kupapasa mfuko kutafuta peremende ni mita 22 za barabara.

Sasa piga hesabu. Iten iko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na daraja la Cheploch kwenye Mto Kerio liko zaidi ya mita 1,000 chini yake. Kuzishusha kilo 160 mita 1,000 kunatoa joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita nne za maji. Joto hilo lazima liende mahali. Sehemu yake inachukuliwa na upepo, na karibu yote yanayobaki yanaingia kwenye rimu au kwenye diski. Ukiburura breki njia nzima kwa kilomita 30, upepo hauna kazi, breki inabeba karibu kila kitu na haipati nafasi ya kupoa. Mpole wa namna hiyo ndiye anayeniogopesha kuliko yule mwenye kichaa cha mwendo.

Kwa hiyo: mahali mnapoona mbali, iachieni, inueni vifua wote wawili mkamate upepo. Kabla ya kona, shika breki zote mbili kwa nguvu, kwa muda mfupi, kisha achia kabisa. Ya mbele msiiogope. Tandemu ni ndefu, haiwezi kuwarusha juu ya usukani kirahisi kama baiskeli ya mtu mmoja. Kama mna breki ya ngoma, hiyo ndiyo peke yake iliyoundwa kuburuzwa, iburuzeni mpaka mridhike.

2. Harufu.

Haya ya juu sikuyapata darasani. Niliyapata kwa kumvunja mtu mtulinga.

Stoka wangu wakati huo alikuwa mwalimu mstaafu, mzee aliyepoteza macho ukubwani, mwenye pumzi ya kijana na dharau ya wazi kwa watu waoga. Mimi ndiye nilikuwa rubani mpya. Nilishashinda mbio kadhaa za mtaani peke yangu, basi nikajiona najua. Tandemu yetu ilikuwa ya mtumba, breki za rimu mbele na nyuma, hakuna ngoma, hakuna diski. Nilimwahidi mzee kwamba tutashuka kwa adabu. Na adabu, kwa akili zangu za siku zile, ilikuwa kuibana breki ya nyuma kidogo kidogo bila kuiachia, tusizidi kilomita 30. Ya mbele sikuigusa kabisa. Utotoni tuliambiwa breki ya mbele inaua, nami sikuwahi kujiuliza aliyesema alikuwa nani.

Ilikuwa asubuhi, baridi ya Iten bado imo vidoleni. Tukapita kona ya kwanza, ya pili. Mzee akauliza, "Kijana, mbona huongei?" Nikamwambia naangalia barabara. Akanyamaza. Baada ya muda akasema, "Kuna harufu."

Nami nilikuwa nimeshaisikia. Harufu ya mpira unaoungua, kali, ile inayokaa kooni. Lakini niliona aibu kusimama. Wenzetu walikuwa wameshapotelea mbele, na kusimama kulimaanisha kufika wa mwisho tena na kuchekwa tena mezani. Nikamjibu, "Ni lori, mzee. Kuna lori hapo mbele, breki zake zimechoka."

Hapakuwa na lori.

Hakusema kitu, ila niliona kwenye pedeli kwamba miguu yake imekuwa mizito. Nikadhani anaogopa. Nikaibana breki zaidi ili nimtulize. Hebu lisomeni tena hilo polepole: mtu ameniambia breki inaungua, nami namtuliza kwa kuiunguza.

Gurudumu la nyuma lilipasuka tukikaribia Tambach, pale barabara inaponyooka kidogo kisha ikakunja kushoto. La mbele likipasuka, unapoteza usukani. La nyuma likipasuka kwenye tandemu, mkia unaanza kwenda unakotaka, na aliyekalia mkia ni stoka. Yeye ndiye aliyejua kwanza. Alisema neno moja tu, "Nyuma!", kisha akatulia tuli katikati ya kiti, hakuegemea kokote, mikono imelegea. Angeyumba kidogo tu, hadithi hii ingesimuliwa na mtu mwingine. Nikashika breki ya mbele, ile inayoua, na ndiyo iliyotuokoa: mwendo ulishuka hadi karibu kusimama kabla rimu tupu haijateleza kwenye changarawe. Tukalala upande wa kushoto. Mimi nilichubuka kiwiko. Yeye alitua kwa bega.

Nilipokwisha kumkalisha nilienda kugusa rimu, nikaondoka na lengelenge kwenye ncha ya kidole. Nilipong'oa tairi nikaona kilichotokea. Utepe wa plastiki wa ndani ulikuwa umelainika kwa joto na kuhama, tyubu ikachungulia kwenye tundu la spoki, ikapasukia hapo. Mzee amekaa kwenye majani, mkono umening'inia, jasho linamtiririka. Akauliza kwa sauti yake ya darasani: "Kijana, lile lori limeelekea wapi? Mbona sikulisikia?"

Sikujibu. Mtu anayesikia mnyororo ukikauka mafuta kabla yangu, anayejua kwa mlio kama gari linalokuja ni matatu au pikapu, nilikuwa nimemdanganya kuhusu lori zima. Alijua tangu nilipolitaja. Alinipa nafasi ya kurekebisha, sikuitumia.

Hospitalini daktari alipouliza tumeangukaje, mzee akajibu bila kusita: "Lori." Wauguzi wakampa pole nyingi, wakalaani madereva wa siku hizi. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo nimeshika helmeti mbili.

Basi stoka akisema kuna harufu, simameni. Akisema kuna mlio, simameni. Asipojua ni nini, simameni vilevile. Tumieni utepe wa kitambaa ndani ya rimu. Na mzee bado tunaendesha naye, kwa sharti kwamba mkono wa breki ya ngoma uko upande wake. Ameukataa mara zote nilipoomba unirudie.

3. Ongea, hata kama unaonekana mjinga.

Stoka hana barabara ila ile unayompa kwa mdomo. Chagueni maneno mafupi na msiyabadilishe njiani: "legeza" kabla hujaacha kukanyaga, "shimo", "tuta", "kulia", "breki". Krenki zenu zimefungwa pamoja kwa mnyororo, kwa hiyo ukisimamisha miguu ghafla bila kusema, unavunja magoti ya mwenzako. Kwenye tuta mpe neno mapema anyanyuke kidogo kitini, maana uti wa mgongo wake uko karibu juu ya gurudumu. Na "sorry" si amri. Ni neno la mtu aliyechelewa kusema "shimo".

4. Gurudumu la nyuma halifuati la mbele.

Ukikwepa shimo dakika ya mwisho, la mbele litapita na la nyuma litaingia. Tandemu hukata kona kwa ndani. Kwenye kona ya kushoto maana yake ni kwamba wewe uko salama juu ya lami huku mwenzako anakaribia ukingo, na mnazijua kingo za lami za kwetu, zimekatika wima, chini yake ni mawe. Ingia kona kwa upana ndani ya upande wenu, tazama unakotoka, pedeli ya nje chini. Kona ya kulia msiikate kuingia upande wa pili, hata kama mnaona wazi. Probox haionekani mpaka ionekane.

5. Baiskeli ikianza kutetemeka.

Usukani ukianza kucheza wenyewe katika mwendo mkubwa, usiubane. Bana fremu kwa magoti, mwambie stoka apunguze uzito kitini, punguza mwendo taratibu. Mkifika chini kagueni beringi za usukani kabla ya kulaumu upepo.

6. Mbuzi, matatu na watoto.

Mbuzi wa Tambach wanavuka wawili wawili, wa pili huja umeshashukuru. Matatu ikiwapita kwa kelele, tegemeeni itasimama mita hamsini mbele kumbeba mama mwenye debe. Lori linaloshuka kwa gia nzito msilifuate kwa karibu, na msilipite konani. Watoto nao watapiga kelele, "Huyo wa nyuma anabebwa!" Kila kijiji, kila safari. Stoka wangu huwa anaachia mkono mmoja na kuwapungia. Nimemkataza, hasikii.

Hapo kwenye kubebwa nina neno. Nimewasikia marubani wawili wakisema "abiria wangu". Douglas Sidialo, aliyepoteza macho katika shambulio la bomu la ubalozi wa Marekani Nairobi mwaka 1998, alitoka Cairo hadi Cape Town kwa tandemu. Mwiteni huyo abiria mbele yangu. Stoka anakanyaga sawa na wewe, mara nyingi zaidi yako, na katika mashindano ya walemavu medali inapopatikana mnavaa wote wawili.

7. Kwa stoka wapya, ninyi pia hamjasalimika.

Usiegemee kona kabla ya rubani. Usigeuke kumsalimia mtu uliyemtambua kwa sauti. Usitoe jaketi mkiwa kwenye mteremko, kuna mtu alifanya hivyo, na sitamtaja kwa sababu tunakula meza moja. Ukiwa na wasiwasi sema kwa maneno. Ukisema kwa kukaza mwili, rubani ataelewa kinyume, kama mnavyojua. Na siku ukiamka hujisikii kushuka, hushuki. Pikapu ipo.

8. Madogo madogo.

Tairi nene kuliko la baiskeli yako ya kawaida, upepo wa kutosha lakini si wa kupasuka. Pedi za breki zikibaki nusu, badilisha. Miwani hata kwa stoka, wadudu hawachagui. Wenye breki za mafuta: mkono wa breki ukianza kufika kwenye usukani bila kusimamisha kitu, mafuta yamechemka, simameni mahali pa kwanza panapofaa mkae mpige soga mpaka yapoe. Msimwagie diski maji. Kuna kijana alifanya hivyo Biretwo, diski ikajikunja, na maji yenyewe ndiyo yalikuwa ya kunywa.

Huko chini jua la Kerio ni jingine kabisa na mlilolizoea juu, kwa hiyo hayo maji mtayahitaji. Badilisheni gia mkiwa bado mnateremka, stoka aambiwe, kwa sababu ukishavuka Cheploch kilima cha kwenda Kabarnet kinaanza, na tandemu iliyokwama kwenye gia kubwa hapo inasukumwa kwa miguu na watu wawili wasiosemeshana.